Anakojoa vizuri, lakini haja kubwa hataki bila pampasi

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Langoni, Lamu. Nimelifupisha kidogo:

"Asalaam aleikum. Mwanangu wa kiume atatimiza miaka mitatu mwezi wa pili. Haja ndogo alijua kusema tangu Ramadhani, mchana hata tone halimponyoki. Shida ni haja kubwa. Potini hakai, chooni haingii. Akibanwa hukimbilia nyuma ya mlango, anasimama huko anajikakamua, na akizidiwa huomba avishwe pampasi. Nikimnyima hukaa siku tatu, nne, hapati choo. Nimemwahidi baiskeli, nimemkalisha kwa nguvu, na siku moja nilimpiga, Mungu anisamehe. Mavyaa anasema nimemdekeza, watoto wake yeye waliacha kujikojolea kabla hawajatembea. Nasari inafunguliwa Januari na wamesema mtoto wa pampasi hawampokei. Na sasa chupi zake zimeanza kuwa na alama za choo chepesi, nadhani kwa kuwa anaendesha. Nifanye nini?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Nitaanza na hilo ulilolitaja mwisho, kama vile ni jambo dogo: alama kwenye chupi. Kwangu mimi hilo ndilo swali lenyewe.

Mwanao haendeshi. Amefunga choo. Najua inasikika kinyume, kwa hiyo nieleze. Mtoto akizuia choo siku tatu nne, kinabaki ndani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kila saa inayopita utumbo unafyonza maji yake. Kinakuwa kigumu na kikubwa. Kile kipya kinachoshuka nyuma yake bado ni chepesi, na kwa kuwa njia imezibwa kinapenya pembeni, kinachuruzika bila mtoto kuhisi. Hahisi kweli, si kwamba anajifanya, maana puru iliyotanuka muda mrefu hupoteza ule wepesi wa kutoa habari kwamba imejaa. Ukimwuliza "mbona hukusema?" unamwuliza habari ambayo haikumfikia.

Nakwambia haya kwa kuwa nilishakosea mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana kwenye kliniki moja ya watoto Malindi, aliletwa binti wa miaka minne. Mama yake akasema anaendesha kidogo kidogo, wiki ya pili sasa. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni mpaka kwenye mwarobaini. Sikumlaza, sikumgusa tumbo. Nilitoa paketi za kuchanganya maji ya chumvi na sukari, nikatoa na zinki, nikaita mwingine. Siku kumi baadaye akarudishwa, hali chakula, amenuna. Tabibu mzee tuliyekuwa naye alimlaza, akanishika mkono akauweka chini ya kitovu upande wa kushoto, akasema, "Hebu sikia." Nikasikia kitu kirefu, kigumu, kama kiazi kitamu kilichofukiwa kwenye unga. Tangu siku hiyo, mtoto akiletwa kwangu na chupi zenye alama, kabla sijauliza chochote, mkono wangu uko tumboni.

Sasa turudi nyuma ya mlango. Umeandika "anajikakamua", na kila mama huliona hivyo: uso mwekundu, jasho puani, amesimama kwa vidole vya miguu, mapaja ameyabana, pengine ameshika komeo. Unadhani anasukuma. Mtazame tena kesho, ukiwa mbali asikuone. Anayesukuma huinama, hukunja magoti, huchuchumaa. Huyu amenyooka kama mlingoti. Anazuia. Kila msuli alio nao anautumia kukirudisha choo juu, kwa kuwa siku moja, huenda miezi mitatu iliyopita na wewe hukujua, kilitoka kigumu kikamchana. Mtoto wa miaka miwili na nusu hesabu yake ni fupi: kilichoniuma jana sikitaki leo. Basi anazuia, kinazidi ugumu, kikitoka kinauma zaidi, na naye anaona alikuwa na haki ya kuogopa.

Wala hayuko peke yake. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 1997 uliwafuata watoto 482 waliokuwa wakifundishwa choo, na kama mmoja katika kila watano alipita kipindi cha mwezi mmoja au zaidi akikojoa potini vizuri lakini haja kubwa hataki humo. Mwingine wa 2004 ukatazama kipi hutangulia, ukakuta kwa wengi choo kigumu kilianza kwanza na kukataa poti kukafuata. Ndiyo maana kumkalisha kwa nguvu hakukusaidia, na baiskeli haikusaidia. Baiskeli ni kitu kikubwa mno na kiko mbali mno. Mtoto wa umri huo hawezi kununua maumivu ya leo kwa baiskeli ya mwezi ujao. Kumpiga umeshajua mwenyewe, sitaongeza.

Na mavyaa? Usigombane naye, kwa kuwa hasemi uongo. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha kazi ya Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo, jirani zetu wa kusini ya pwani hii hii. Mama alianza mtoto akiwa na wiki chache tu: anakaa chini amenyoosha miguu, mtoto yuko katikati ya miguu ameelekezwa mbele, mama anatoa sauti ya "shuu", na mtoto akikojoa anachekewa, anakumbatiwa, ananyonyeshwa. Akifika miezi mitano au sita, mchana na usiku anakuwa mkavu kiasi cha kutosha. Wazungu waliosoma walishangaa. Bibi zetu wasingeshangaa, maana neno lipo tangu zamani: kumkojoza mtoto.

Lakini tazama nani anafanya kazi hapo. Ni mama, au dada mkubwa, au shangazi, mtu ambaye mtoto yuko mwilini mwake kutwa na anajua kila kunyanyuka kwa mguu kunamaanisha nini. Nyumba ilikuwa na mikono mingi na pampasi haikuwapo. Ule mtindo mwingine, wa kungoja mtoto mwenyewe aonyeshe dalili, uliwekewa maandishi na daktari T. Berry Brazelton wa Marekani mwaka 1962. Alieleza habari za watoto 1,170, ambao kwa wastani walikauka mchana wakiwa na miaka miwili na miezi minne na kitu. Njia zote mbili hufika. Kinachokwamisha ni kuchanganya: kumvisha mtoto pampasi miaka miwili, akajifunza kwamba mahali pa choo ni pale pale alipo, kisha kumdai kwa wiki moja kile ambacho mtoto wa mavyaa alikizoea tangu wiki ya tatu ya maisha yake. Mwanao hajachelewa. Kwenye haja ndogo yuko sawa na wenzake. Kwenye haja kubwa ana maumivu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo la kwanza nitakalokuambia huenda litakuudhi: mrudishie pampasi. Poti iondoe machoni, iweke hata juu ya kabati. Akiomba pampasi ili apate choo, mvishe bila kuguna, bila "mtu mzima wewe". Kwa sasa hatufundishi poti. Tunataka choo kitoke kila siku, kilaini kama ndizi mbivu iliyomenywa, kwa muda mrefu wa kutosha mpaka mwili wake usahau.

Kwa kuwa ameshafikia kuchuruzika, chakula peke yake hakitatosha. Mpeleke kliniki wiki hii, umweleze tabibu kama ulivyonieleza mimi, na umwombe amguse tumbo. Huenda akampa dawa ya kulainisha choo, kwa kawaida ile ya maji, tamu, iitwayo laktulosi, au ya unga wa kuchanganya na maji. Kipimo hutokana na uzito na hali aliyoikuta, kwa hiyo usichukue tu ya mtoto wa jirani. Siku za kwanza anaweza kujaa gesi, zitapita. Kosa ambalo karibu kila nyumba hufanya ni kuacha dawa choo kikishatoka vizuri mara mbili tatu. Puru iliyotanuka haijirudi kwa siku tatu. Inachukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, na dawa hupunguzwa polepole kwa ushauri. Utaambiwa kwamba utumbo utakuwa mvivu. Dawa hizi za kulainisha hazifanyi hivyo. Kinacholegeza utumbo ni mzigo uliokaa humo.

Yapo mambo ambayo utashauriwa na watu wanaokupenda, na nakuomba uyakatae kwa upole. Kipande cha sabuni nyuma, hapana. Bomba la maji nyuma nyumbani, hapana. Mtoto ambaye tatizo lake ni woga wa sehemu hiyo, ukimgusa hapo kwa nguvu umemthibitishia kila alichohofia. Sanamaki nayo, najua iko kila duka la dawa za asili na watu wazima huitumia, lakini kuikadiria kwa jicho kwa mtoto mdogo kunaleta msokoto wa tumbo. Mafuta ya mbarika hali kadhalika.

Chakula sasa. Sitakuandikia orodha, nitakuuliza tu: anakunywa maziwa kiasi gani? Watoto wengi wa hivi ninaowaona wamelelewa kwa kikombe cha maziwa asubuhi, kingine mchana, na cha kulalia, juu yake chai ya maziwa na mahamri, kisha wali mweupe. Maziwa yasizidi nusu lita kwa siku. Yakizidi humshibisha akaacha chakula, choo kinakuwa kigumu, na damu nayo hupungua kwa kukosa madini ya chuma. Nafasi hiyo ijazwe na maji. Kwa zile nyumba za Lamu ambazo maji yana munyu mtoto huyakwepa, na huwezi kumlaumu. Tafuta ya kunywa yasiyo na munyu, na dafu likipatikana mpe. Tende mbili tatu zilizolowekwa usiku, azile asubuhi pamoja na maji yake. Papai lililoiva. Embe msimu ukifika, na Lamu kwa embe hamna haja ya kufundishwa na mtu. Mbaazi za nazi, kunde, mchicha uliosagika ndani ya mchuzi asiuone. Ndizi iwe imeiva mpaka ina madoa.

Baada ya wiki mbili tatu za choo laini kila siku au kila baada ya siku moja, utaona jambo: ataacha kukimbilia nyuma ya mlango. Hapo ndipo kazi ya poti inaanza, na inakwenda kwa hatua za kinyonga. Kwanza anapata choo kwenye pampasi vilevile, ila amesimama ndani ya choo, mlango wazi, wewe umekaa kizingitini. Akizoea siku kadhaa, anakaa potini na pampasi yake amevaa. Ndiyo, amevaa. Kisha unailegeza gundi za pembeni. Kisha, wazazi wengine hufanya hivi na watoto hucheka, unakata tundu chini ya pampasi kwa mkasi kabla ya kumvisha, choo kinapita kinaanguka potini naye bado ana usalama wake kiunoni. Halafu siku moja pampasi haipo, na wala hutakumbuka ilikuwa Jumatatu au Jumanne. Akikwama hatua moja, rudi ile ya nyuma bila maneno.

Wakati mzuri wa kukaa ni kama robo saa hadi nusu saa baada ya kula, hasa asubuhi, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo nao huamka na kusukuma. Dakika tatu, tano, basi, asizeekee hapo. Miguu lazima iguse chini. Hili watu hulipuuza nami nimeliona likifanya tofauti usiku na mchana: mtoto aliyening'iniza miguu kwenye choo cha kukaa hana pa kujisukumia, misuli ya chini haiachii. Poti ndogo ya chini ni bora. Kama ni choo cha kukaa, weka kibao cha kukanyagia mpaka magoti yapande juu ya nyonga. Choo cha kuchuchumaa umbo lake ni zuri kuliko yote kwa watu wazima, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu nafasi ya nyayo ni pana na tundu ni jeusi, na anaona wazi kwamba atatumbukia. Vyoo vya nyumba zenu za mawe mara nyingi viko ndani, vina giza, na birika la maji pembeni. Chuchumaa siku moja humo mpaka macho yako yawe kimo cha macho yake, uone anachokiona. Washa taa. Asubiri poti mpaka miguu yake irefuke.

Kumfundisha kusukuma kwa maneno ni vigumu, maana akisikia "sukuma" atabana. Mpe kitu cha kupuliza: povu la sabuni, firimbi, au mrija ndani ya glasi ya maji atoe mapovu. Anayepuliza hawezi kubana. Na hapa kuna kazi ya mavyaa. Wewe una wasiwasi na mtoto anausoma usoni mwako. Bibi hana haraka. Akae naye, "hadithi, hadithi", naye ajibu "hadithi njoo", na paukwa pakawa ziendelee hapo potini mpaka dakika tano ziishe. Bibi aliyepewa kazi huacha kutoa hukumu. Hili halimo kwenye kitabu chochote, nimeliona majumbani.

Bado neno moja kuhusu maneno. Utafiti wa 2003, pia wa Marekani, uliwaomba wazazi waache kukiita kinyesi kwa majina ya karaha mbele ya mtoto, na wamsifu anapokitoa hata kama ni kwenye nepi. Kukataa poti hakukuondoka, lakini kulidumu muda mfupi zaidi. Sisi kwetu kuna najisi na kuna tohara, na sikuambii uliache hilo. Msala ukiingiwa utafuliwa, na siku hizi za mafunzo ukunje zulia uweke jamvi la kufutika. Ila kati ya "hiki kinaoshwa, njoo tuchambe" na "ptuu, mchafu wewe!" kuna umbali mkubwa. Cha kwanza kinamfundisha usafi. Cha pili kinamwambia kitu kilichotoka ndani yake ni aibu, na mtoto mwenye aibu hurudi nyuma ya mlango. Mwache amwage yeye mwenyewe cha potini kwenye tundu la choo, akiage, achukue kopo, amalize kwa mkono wa kushoto kama baba yake, anawe kwa sabuni. Wapo watoto wanaohuzunika kikimwagwa, wakidhani ni kiungo chao. Usicheke.

Shule isikukoseshe usingizi. Soma vizuri walichosema: mtoto asiwe na pampasi. Hawakuuliza anakwenda haja kubwa wapi. Mwanao mchana ni mkavu. Akipata choo chake nyumbani asubuhi baada ya kula, au jioni kwenye pampasi ya hatua yoyote atakayokuwa amefikia, Januari ataingia darasani na chupi kama wenzake. Mweleze mwalimu pembeni kwamba yuko kwenye dawa ya kulainisha choo na akiomba ruhusa asicheleweshwe, na mtie chupi mbili na kaptula kwenye mkoba.

Pampasi ya usiku usiiguse sasa. Kukauka usiku si somo, ni mwili kukomaa, na katika kila watoto 100 wa miaka mitano kama 15 bado hukojoa kitandani. Tena puru iliyojaa hukandamiza kibofu, kwa hiyo huenda usiku nao ukanyooka wenyewe choo kikishapata njia.

Usingoje miadi, mpeleke siku hiyo hiyo, akitapika huku tumbo limevimba, akitoka damu nyingi, au akipata homa na kulia anapokojoa. Mwambie pia tabibu kama choo chake cha kwanza cheusi alipozaliwa kilichelewa zaidi ya siku mbili, kama amekuwa akifunga choo tangu uchanga, kama hanenepi, au kama miguu yake imekuwa dhaifu. Na iwapo siku yoyote ataanza kunywa maji kupita kawaida na kukojoa mno huku anakonda, apimwe sukari saa hiyo hiyo.

Leo usiku chukua karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati, chora vijumba vya siku 30. Kila siku andika kitu kimoja tu: kilitoka au hakikutoka, na kama kilitoka, kigumu kama cha mbuzi, au cha ndizi. Baada ya mwezi rudi kliniki na hiyo karatasi mkononi, hata kama mambo yamenyooka, maana kipimo cha dawa kitapunguzwa au kuongezwa kwa kuitazama hiyo, si kwa kumbukumbu yako wala ya mavyaa.